Siku Niliyodai Daftari la Ada Lifunguliwe

Jamani, hili jambo nimelificha mwaka mzima, na kila nikilikumbuka (hasa nikiwa peke yangu kwenye gari, sijui kwa nini) nnajikuta nnasema kwa sauti, "Nassor, nani alikutuma?" na mtu wa gari ya pembeni ananiangalia kama mwendawazimu. Basi bora nikuelezeni mwenyewe, kwa sababu najua nusu yake mmeshaisikia kwa watu, na nusu mliyoisikia ndiyo ile ya kuchekesha.

Mnanijua mimi ni mtu wa idara ya manunuzi. Ofisi yangu iko Maskati, nyumba yangu Matrah, ghorofa ya tatu juu ya duka la vitambaa, na kazi yangu miaka kumi na tisa sasa ni kusoma bei. Watu wanaleta karatasi zao, wanataka kuiuzia serikali viti, mapazia, maji ya kunywa, na mimi ndiye nnayewauliza kwa nini kiti hiki kina bei ya kitanda. Kazini wananiogopa kidogo, na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa nnaipenda ile hali ya kuogopwa kidogo.

Mimi na Zuwena tuliachana miaka minne kabla ya mkasa huu. Hatukupigana, hatukurushiana sahani, tulichoka tu, kila mmoja akawa anakaa chumba chake na simu yake mpaka siku moja tukakubaliana kwamba hii si nyumba tena. Binti yetu Raya alikuwa na miaka minane. Akabaki na mama yake, mama yake akaolewa na Mahfudh, wakahamia Sidab. Mahfudh ni mtu wa mitambo ya umeme, mrefu, hasemi sana, na (niseme ukweli tangu sasa) hajawahi kunikosea hata siku moja, jambo ambalo ndilo lililokuwa likiniudhi kuliko yote.

Mimi nikapewa Ijumaa. Baada ya sala nnachukua gari, nnafuata njia ya pwani, nnaipita ofisi yangu imefungwa, nnafika Sidab, nnapiga honi moja, mtoto anashuka, na ikifika magharibi nnamrudisha. Sasa, nyinyi mnaokaa na watoto wenu hamjui Ijumaa ni siku gani. Ijumaa mtoto ameogeshwa, amevaa vizuri, ameshakula, kazi za skuli kamaliza jana, anakuja kwako kama mgeni na wewe unampokea kama mgeni, mnakwenda kula aiskrimu, mnaulizana "vipi skuli?" na jibu ni "nzuri." Mimi nilikuwa nnaitamani Jumatatu. Nilikuwa nnamtamani mtoto anayerudi na soksi moja imeshuka, amenuna hajui kwa nini, anafungua friji anasema humu hamna kitu na friji imejaa, anakwambia Baba wewe hujui hesabu za siku hizi. Huyo mtoto wa Jumatatu alikuwa wa mtu mwengine. Wakati mwengine mchana, ofisini, nilikuwa nnaangalia saa nnajisemea sasa hivi anatoka darasani, sasa hivi anapanda basi, sasa anavua viatu mlangoni, na viatu vyenyewe sivijui ni rangi gani.

Basi Ijumaa moja akasahau miwani yake kwenye gari yangu. Nikafurahi, wallahi, nikafurahi kama nimeokota dhahabu, kwa sababu Jumapili asubuhi nilikuwa na sababu ya kwenda skuli. Nikaomba ruhusa kazini nusu saa, nikaenda. Getini mlinzi akanizuia.

"Miwani tupe sisi, tutampelekea."

"Mimi baba yake."

"Najua, ustadh, lakini wazazi hawapiti hapa bila miadi."

Pale pale akapita bwana mmoja kavaa kitambulisho shingoni, akatoa salamu, akaingia moja kwa moja hadi ndani. Nikauliza, na huyu? Mlinzi akasema huyo wa bodi ya wazazi, wao wanaingia wakati wowote. Na ukutani, juu ya kichwa cha mlinzi, palikuwa na karatasi: uchaguzi wa bodi ya wazazi, nafasi tano, mwisho wa kuchukua fomu ni leo saa sita mchana.

Sikufikiri. Nikaenda ofisini kwao, nikaomba fomu, nikajaza jina langu, jina la mtoto, namba ya simu, na chini kabisa palikuwa na kisanduku kidogo kimeandikwa: "Mimi ndiye mlipaji wa ada ya mwanafunzi niliyemtaja." Mimi kila tarehe ishirini na tano nilikuwa nnamtumia Zuwena riali sabini, nikiandika "skuli". Nikatia alama. Haikuchukua hata muda wa kupiga chafya.

(Mtaniuliza, weye mtu wa bei, ulikuwa hujui ada ya mwanao? Nilijua ilivyokuwa mwaka tulioachana, na nilijua imepanda, sote tulijua imepanda, lakini kuuliza imepanda hadi wapi ilikuwa lazima nizungumze na Zuwena, na mazungumzo yetu tulikuwa tumeyafupisha mpaka yamebaki maneno mawili, "nimefika" na "anashuka".)

Sasa mgombea lazima awe na la kusema. Mimi la kusema langu la kweli lilikuwa nnataka kumuona mwanangu siku isiyokuwa Ijumaa, lakini hilo huwezi kulibandika ukutani. Nikaomba taarifa ya matumizi ya bodi iliyokuwa inamaliza muda, wakanipa kurasa sita, nikakaa nazo sebuleni nikazisoma kama nnavyosoma karatasi za wauzaji wangu, na jamani, palikuwa na mambo. Ada imepandishwa mara mbili, na huku wametia marumaru mapya mapokezi, wamefanya karamu hotelini ya kuwaaga watu wawili, na juu ya hayo wanataka kujenga tao kubwa la lango lenye taa. Watoto wanacheza juani, uwanja hauna hata turubai la kivuli, na hao wanajenga tao!

Nikaandika kwenye grupu la wazazi, kwa upole, nikauliza tao lile bei zake zimetoka kwa wajenzi wangapi. Hakuna aliyejibu. Nikauliza tena. Akajibu mama mmoja, Bi Shemsa, mjane, anapika sambusa na mikate ya kumimina nyumbani kwake watu wanaagiza, ana watoto watatu skuli ile. Akatuma sauti:

"Mimi bangili za marehemu mama yangu nimeuza mbili kwa ajili ya ada hii. Ya tatu iko mkononi, nnaiangalia. Nnataka kujua kama inakwenda kuwa mwalimu au inakwenda kuwa taa za getini."

Grupu zima likawaka. Kila mtu akawa na la kwake, baba wa watoto wanne akasema anawatoa wawili mwakani, mwengine akasema mkewe kaanza kazi ya jioni, na mimi katikati ya moto ule nikaandika maneno matatu ambayo nilijiona nimeyatoa mbinguni: "Anayelipa ndiye aulizwe." Basi yakashika. Watu wakayaweka kwenye picha za simu zao. Wakaanza kuniita Bwana Risiti, kwa vile kila nikiandika nnadai risiti. Nikaenda kununua mkaa wa kufukizia ubani sokoni Matrah, mtu simjui kanishika mkono, "wewe si ndo Bwana Risiti?" Nikasema ndiye, na nikavimba.

Lakini si hayo yaliyonilevya. Kilichonilevya ni simu ya Jumanne.

Raya hakuwa akinipigia simu siku za kazi. Jumanne ile simu ikalia, jina lake, nikadhani kuna msiba.

"Baba, darasani kwetu wanasema baba yako ndiye Bwana Risiti."

"Wewe ukasemaje?"

"Nikasema ndiyo." Kisha akauliza: "Nije nikusaidie kutengeneza mabango?"

Jumatano ile Mahfudh alimleta baada ya skuli, akamshusha chini, akaondoka bila ya kupanda juu. Na Raya akaingia nyumbani kwangu siku ya kazi, na sare, na begi, na soksi moja imeshuka. Akafungua friji, akasema, "Humu hamna kitu." Nikaenda jikoni nikajifanya nnatafuta sahani, kwa sababu macho yalikuwa yamejaa. Akalala chini kwa tumbo anapaka rangi mabango, miguu juu, ananisimulia mwalimu wa sayansi anavyokohoa kabla ya kukasirika, nani kagombana na nani, yaani mambo ambayo Ijumaa hayasemwi, na alipoondoka aliacha glasi ya maziwa mezani haikumalizika, nikaiacha pale pale siku mbili.

Kabla hajaondoka, akiwa anavaa viatu (vyeusi, sasa nnajua, vina mshipi), akasema, "Baba, hiyo ya anayelipa... si bora ubadilishe?"

"Kwa nini?"

"Basi tu. Iandike ya kivuli. Watoto wote wanataka kivuli."

"Mama yangu, wewe wacha kuogopa. Baba yako anajua anachofanya."

Akanitazama kwa namna ambayo sikuielewa, akafunga mshipi wa kiatu, akashuka. Mtoto wa miaka kumi na mbili alijaribu kuniokoa na mimi nikampigapiga begani nikamwambia asiogope.

Jumamosi asubuhi ukumbi wa skuli ulijaa. Nilivaa kanzu mpya, kilemba nikakifunga mara tatu mpaka kikakaa. Wagombea tisa jukwaani, wazazi chini, na wanafunzi wachache wamepewa kazi ya kugawa maji na karatasi, Raya akiwa mmoja wao, nywele kazibana, shati limepigwa pasi. Mahfudh nilimuona safu ya nyuma. Nikajiuliza huyu kaja kufanya nini, kisha nikajijibu kaja kumchukua Raya, basi.

Zamu yangu ilipofika nilisema vizuri. Hilo hata adui yangu atakubali. Nilichanganya Kiarabu na Kiswahili, nikapita kwenye marumaru, nikapita kwenye karamu, nikafika kwenye tao, watu wanapiga makofi, Bi Shemsa safu ya mbele anafuta macho kwa ncha ya mtandio. Ningekaa pale, ningeshinda. Ningekaa kitako tu!

Mweka hazina wa bodi ile, naye mgombea, bwana mtaratibu wa miwani ya dhahabu, akasimama akasema matumizi yote yalipitishwa kwa kura na hana la kuficha. Na mimi, nimeshalewa makofi, nikakamata kipaza sauti tena.

"Kama hakuna la kuficha, basi tuoneshwe! Pana maneno mitaani kwamba watu wa bodi watoto wao wanasoma bure. Daftari la ada lifunguliwe hapa hapa, tujue katika sisi tisa nani analipa na nani anasomeshewa!"

Ukumbi ukalipuka. "Lifunguliwe! Lifunguliwe!" Karani wa ada, dada mmoja mpole sana, akaja na kompyuta yake ndogo, akamuinamia mwenyekiti wa uchaguzi, wakanong'onezana, kisha akanitazama mimi. Akanitazama mimi, jamani, na kwa macho yale alikuwa ananiuliza kama nna uhakika. Nikampungia mkono, soma, soma.

Akasoma. Wa kwanza, mweka hazina, mlipaji ni yeye mwenyewe, ada kamili. Wa pili yeye mwenyewe. Wa tatu yeye mwenyewe. Akafika wa nne, sauti ikashuka.

"Mwanafunzi, Raya Nassor. Mlipaji..." Akakohoa. "Mlipaji, Mahfudh."

Mimi kwanza sikuelewa, nikacheka.

"Dada yangu, umekosea msitari. Mimi ndiye baba yake."

"Baba ni wewe, ustadh. Lakini hapa ni mlipaji."

Na hapo, safu ya nyuma, Mahfudh akasimama. Mtu asiyesema. Akasimama na urefu wake wote, akasema, taratibu, kila mtu akasikia:

"Samahanini. Pesa ni za Ustadh Nassor. Hunipa mkononi, mimi nnapeleka tu, kwa kuwa nnapita njia hii. Jina langu limeingia kwa makosa."

Huo ulikuwa uongo, na mtu yule alikuwa ananifungulia mlango, nilichotakiwa ni kusema "ndivyo hasa" na kukaa. Watu wengine wangelikaa. Mimi nikamtazama mume wa aliyekuwa mke wangu ananiokoa mbele ya mwanangu. Nisiokolewe na yule! Mimi nnalipa, nna ushahidi kwenye simu!

"Hapana," nikasema. "Sijampa mtu mkononi. Mimi nnamtumia mama yake moja kwa moja, na mama yake analipa. Muulizeni mwenyewe."

Nikampigia Zuwena. Nikaweka sauti ya nje, nikaisogeza simu kwenye kipaza sauti (nani alinifundisha? hakuna aliyenifundisha, nilibuni mwenyewe), na sauti yake ikatoka kwenye spika zote nne za ukumbi, nyuma yake sufuria inasikika.

"Baba Raya? Kwema?"

"Kwema, Mama Raya. Hebu waambie watu hapa, zile pesa nnazokutumia kila mwezi si ndo ada ya mtoto?"

Sufuria ikanyamaza.

"Nassor, uko wapi?"

"Sema tu. Si ndo ada?"

"Zile sabini?" akasema Zuwena, polepole, kama mtu anayemtoa mtoto kibanzi kidoleni. "Zile za basi na vitabu. Zinabaki kidogo nnamtilia za chakula cha skuli. Ada analipa Mahfudh, mwaka wa tatu huu. Nilidhani unajua. Mahfudh alisema tusikutajie, ukitaka utauliza mwenyewe... Nassor? Nani wako hapo?"

Nikakata simu. Nikaibonyeza mara tatu, ilikuwa imeshakatika, nikaendelea kuibonyeza.

Kwanza alicheka mtu mmoja nyuma, kicheko cha pua. Kisha wawili. Kisha ukumbi, sio wote, lakini wa kutosha. Mtu akasema kwa sauti, "Anayelipa ndiye aulizwe!" na hapo wakacheka na waliokuwa hawajacheka. Mimi nilikuwa nnamtafuta Raya. Nilimuona ukutani, kakumbatia maboksi ya maji kifuani, uso mwekundu, hatizami jukwaani, anatizama chini. Kisha akayaweka maji sakafuni, akatembea hadi safu ya nyuma, akakaa pembeni ya Mahfudh, na Mahfudh akamziba na bega lake watu wasimuone analia. Alifanya vizuri. Ningekuwa mimi ningemziba vile vile. Lakini kumuona mtoto wako anakwenda kulia kwa mtu mwengine na mtu huyo anajua amzibe vipi, hicho ni kitu kingine, siwezi kukuelezeni.

Mwenyekiti akasema kwa adabu kwamba kanuni inataka mgombea awe mlipaji, na mimi nimetia alama fomuni, kwa hiyo jina langu linaondoshwa. Nikashuka. Nilikanyaga pindo la kanzu kwenye ngazi, nikajishika kwenye pazia, pazia likateremka nusu (naam, na hilo nalo). Mlangoni Bi Shemsa akanisimamisha. Nilidhani atanihurumia.

"Yote uliyosema yalikuwa kweli," akaniambia. "Tao ni kweli, marumaru ni kweli. Sasa nani atayasema tena, na watu wameshacheka?"

"Nisamehe, Bi Shemsa."

"Mimi nnakusamehe. Ada haisamehe."

Nikakaa kwenye gari uwanjani nje muda mrefu, mpaka watu wakaanza kutoka, nikawaona Mahfudh na Raya wanaingia gari yao, nikainama nikajifanya nnatafuta kitu chini ya kiti.

Wiki ile simu haikulia. Jumanne haikulia, Jumatano haikulia. Grupu la wazazi nikajitoa. Ofisini nikapitisha bei za viti bila ya kuuliza chochote, bosi akanitazama akaniuliza kama nnaumwa. Nilijua Zuwena atanitumia ujumbe, "Raya leo ana kazi nyingi," na ndivyo Ijumaa zitakavyoanza kuisha, moja moja.

Ijumaa nikaenda Sidab hivyo hivyo. Sikupiga honi. Nikashuka, nikabisha mlango, mara ya kwanza katika miaka minne, akafungua Mahfudh, kavaa kikoi na fulana, mkononi ana kibao cha mbuzi cha kukunia nazi.

"Mwaka wa tatu," nikasema.

"Ndiyo."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Niliogopa utamtoa skuli ile umpeleke ya rahisi, kwa sababu ya mimi. Na anaipenda." Kisha akasema, "Ingia ndani, ndugu yangu, wali haujaiva."

Nikaingia. Nikakaa sebuleni kwao, sehemu ambayo nilikuwa nimeijenga kichwani mwangu kwa miaka, na ilikuwa sebule tu, mito, zulia, daftari za Raya zimetawanyika juu ya meza, moja imemwagikiwa chai. Nikamwambia Mahfudh nataka kulipa. Sio kurudisha ya nyuma, sina, nisiwadanganyeni, nikiuza gari nnatembea. Nikasema muhula mmoja katika mitatu niachie mimi, kwa jina langu. Alitaka kukataa, nikamuona anataka kukataa, kisha akasema, "Wa kwanza au wa mwisho?" Nikasema wa mwisho, nipate kujikusanya. Tukapeana mkono. Zuwena akapita na sinia, akasema, "Nyinyi watu wazima mlishindwa kuzungumza hivi miaka mitatu?" na akaendelea na njia yake.

Kwenye gari tukaipita Maskati. Kisha Raya akasema, akitizama baharini:

"Baba, kwa nini ulitaka bodi?"

Ningeweza kumwambia habari za tao. Nikasema, "Watu wa bodi wanaingia skuli wakati wowote. Nilitaka kukuona siku isiyokuwa Ijumaa."

Akageuka akanitazama kama mimi ndiye mtoto.

"Jumanne tuna mpira wa wavu. Mzazi yeyote anaingia. Kuna mabenchi."

"Yeyote?"

"Yeyote, Baba. Hata anayesimama tu getini anaambiwa aingie."

Basi hivyo ndivyo ilivyokuwa. Mweka hazina alirudi kwenye nafasi yake kwa kura nyingi. Tao halikujengwa, nasikia kikao cha kwanza cha bodi Bi Shemsa alikwenda na bangili yake akaiweka mezani, akawaambia waiuze wao kwa mikono yao, hakuna aliyeigusa, na uwanjani sasa pana turubai la kivuli, limekwenda upande kidogo lakini kivuli ni kivuli. Risiti za bodi zinabandikwa ukutani kila mwezi, watu wanazisoma. Mimi nikipita sizisomi. Nnapita haraka.

Na kugombea, jamani, sigombei tena, hata mkinipa umonita wa ngazi za ghorofa letu sitaki, na mkiniona nimekamata kipaza sauti, hata harusini, mninyang'anye. Mtu kwanza aangalie risiti yake imeandikwa jina la nani, kisha ndo apande jukwaani kuwasemea wanaolipa.

Jumanne nnatoka kazini mapema, nnakaa kwenye benchi la nyuma na akina mama na wafanyakazi wa nyumbani waliokuja kuchukua watoto. Raya anaruka, anakosa mpira, anacheka, hanitizami. Ikimalizika ananipa begi lake nimbebee, anatangulia mbele na wenzake wanazungumza kwa kasi siwaelewi, na mimi nyuma na begi, zito, sijui mle ndani wanatia nini, mpaka kwenye gari ya Mahfudh. Nnaliweka kiti cha nyuma. Anasema "Ijumaa, Baba," mlango unafungwa, na mimi nnabaki pale, bega moja limeshuka, mpaka gari inapinda.